Tubishe Hodi Mlango Gani? Kodi, Nauli na Bei za Vitu Zanzibar

Barazani petu Mwembetanga kahawa huanza kumiminwa baada ya sala ya Alasiri, na Serikali huanza kusemwa kwenye kikombe cha pili. Juzi mzee mmoja tunayemwita Ami, baharia wa zamani, alitua chini mfuko wake wa mchele wa kilo tano, akashusha pumzi, akasema, "Serikali imeupandisha tena." Kijana mmoja wa bodaboda akamuuliza, "Serikali ipi, Ami?" Mzee akamtolea macho. "Kwani ziko ngapi?"

Watu walicheka. Kijana lakini hakuwa akitania, nami nilirudi nyumbani na swali lake. Visiwani kwetu hasira za maisha magumu hazina uhaba. Kilicho haba ni kujua kila hasira ipelekwe kwa nani. Bei ya mchele ule ina mkono wa Dodoma, ina mkono wa Chukwani linakokaa Baraza la Wawakilishi, ina mkono wa Arusha yaliko makao ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ina mkono wa bandari ya Malindi hapa mjini Unguja, na ina mkono wa mwenye duka pale kona. Ukimlaumu mmoja, wanne waliobaki wanapumua.

Tuanze na Katiba, hata kama inachosha, maana bila ya hiyo mengine hayaeleweki. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 ina Nyongeza ya Kwanza, ndiyo orodha ya mambo ya Muungano, yaani yale yanayoamuliwa kwa pamoja kwa Bara na Zanzibar; mengine Zanzibar inajiamulia kwa Serikali yake. Mwaka 1964 mambo hayo yalikuwa 11, leo orodha ina vipengele 22. Kipengele cha 10 kinataja kodi ya mapato, ushuru wa forodha na ushuru wa bidhaa zinazotengenezwa nchini. Hizo zinatungiwa sheria na Bunge, na anayezikusanya ni Mamlaka ya Mapato Tanzania, TRA, iliyoanza kazi Julai 1996. Kodi ya ongezeko la thamani haimo kwenye orodha. Kwa hiyo Zanzibar ikatunga sheria yake mwaka 1998, na kiwango chake leo ni asilimia 15 huku cha Bara kikiwa 18. Hiyo, pamoja na ushuru wa stempu na tozo nyengine za ndani, ilikuwa ikikusanywa na Bodi ya Mapato, ZRB, ambayo mwaka 2022 iligeuzwa kuwa Mamlaka ya Mapato Zanzibar, ZRA. Chini yao yako mabaraza ya manispaa na halmashauri, yenye leseni zao za biashara, ushuru wa masoko na ada za usafi.

Sasa mchukue mwenye duka la vitambaa Mchangani. Kodi ya mapato yuko na TRA. Ongezeko la thamani au stempu yuko na ZRA. Leseni na usafi yuko na manispaa. Kila mmoja ana karatasi yake, tarehe yake na kijana wake wa kuja kugonga. Yeye hatenganishi. Zote anaziita kodi, zote anazitia ndani ya bei ya doti ya kanga, na mama anayeinunua doti ile hazioni hata moja.

Hapa kuna jambo linalosemwa sana na si sahihi: kwamba TRA inakusanya hapa na kupeleka Bara. Kodi inazokusanya TRA Zanzibar zinaingia katika mfuko wa Serikali ya Mapinduzi. Ubishi wa kweli uko kwengine. Benki na kampuni za simu zinauza kwetu, lakini makao makuu yao yako Dar es Salaam na hesabu zao hufungwa huko, ndipo ubishi wa kodi yao iwe ya nani. Ibara ya 133 ya Katiba inataja Akaunti ya Fedha ya Pamoja na ibara ya 134 inataja Tume ya Pamoja ya Fedha, ambayo kazi yake ni kusema nani achangie nini katika gharama za Muungano na nani apate nini. Mazungumzo ya akaunti hiyo ni ya miongo. Wakati huo huo zimetumika hesabu za muda, na maarufu kuliko zote ni ile ya kuipa Zanzibar asilimia 4.5 ya misaada ya kibajeti. Mtu wa Micheweni hawezi kujua kama bei ya unga wake ingeshuka mahesabu hayo yakikaa sawa. Anachojua ni kuwa wakubwa hawajamaliza kuzungumza.

Orodha ile ile ina vichekesho vyake. Kipengele cha 11 kinataja bandari, posta na simu. Kwa maandishi basi bandari ni ya Muungano, lakini Malindi, na Mkoani kule Pemba, ziko chini ya Shirika la Bandari Zanzibar. Simu nayo imebaki ya Muungano kweli kweli, ndiyo maana tozo ya miamala iliyopitishwa Dodoma mwaka 2021 ilikatwa pia kwa bibi wa Kizimkazi aliyetumiwa pesa na mwanawe. Mwanzo tozo ile ilifika hadi shilingi 10,000 kwa muamala mkubwa. Watu walipiga kelele, Septemba mwaka huo huo ikapunguzwa, mwaka uliofuata ikapunguzwa tena, hatimaye ikaondolewa kwenye kutumiana pesa. Kelele zile zilizaa matunda kwa sababu nyepesi: kila mtu aliiona tozo kwenye meseji ya simu yake, kwa jina lake na kiasi chake. Kodi nyengine hazina meseji.

Televisheni ikivuka bahari

Kero ambayo kila Mzanzibari ana kisa chake ni ya kuvuka na kitu. Mimi changu ni televisheni. Nilimnunulia dada yangu anayeishi Bara, nikalipa dukani mjini, nikapewa risiti, nikapanda nayo boti. Nilipofika upande wa pili nikaelekezwa dirishani, nikaambiwa nilipe tofauti. Tofauti ya nini? Ofisa hakuwa mkorofi, alikuwa amechoka tu kuulizwa. "Ya kodi, bwana. Huko mmelipa kidogo." Nililipa. Hasira yangu siku ile haikuwa ya pesa. Nilikuwa nimetoka nchini mwangu nikaingia nchini mwangu, na katikati pana dirisha.

Miaka mingi baadaye ndiyo nikaelewa hesabu yenyewe. Sheria ya forodha ni moja kwa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu Umoja wa Forodha uanze Januari 2005, na kwa kawaida viwango ni vile vile. Kinachotofautiana ni thamani ambayo bidhaa imepewa ilipoingia, halafu ile kodi ya ongezeko la thamani. Kwa miaka mingi Zanzibar imekuwa ikithamini bidhaa kwa bei ya chini kuliko Bara. Tuseme televisheni yangu ilithaminiwa Zanzibar kwa shilingi 400,000. Ushuru wa asilimia 25 ni 100,000. Juu ya jumla ya 500,000 inawekwa asilimia 15, yaani 75,000. Kodi yote 175,000. Ingeshukia Bara ingethaminiwa, tuseme, 600,000. Ushuru 150,000, kisha asilimia 18 ya 750,000 ni 135,000. Kodi yote 285,000. Tofauti ni shilingi 110,000, na ndiyo niliyodaiwa dirishani, ukiacha vidogo vidogo.

Kwa macho ya mkusanyaji wa Bara, dirisha lile lina maana. Bila ya hilo kila mwagizaji angeshusha kontena lake Malindi na kulivusha kwa majahazi. Jambo hilo si la kufikirika. Kwetu biashara ilifunguliwa mwaka 1984, Ali Hassan Mwinyi alipokuwa Rais wa Zanzibar, na baada ya hapo wafanyabiashara wa Bara walikuwa wakija Darajani kufungasha redio na vitenge. Kwa macho ya Mzanzibari, dirisha lile linasema kodi aliyoilipa kwao haihesabiki kuwa kodi. Wote wawili wana haki, na ndiyo maana suala halikuisha kwa tamko la siku moja. Gari za namba ya Z, yaani zilizosajiliwa Zanzibar, nazo zilinasa kwenye tundu hilo hilo. Sukari ya kiwanda cha Mahonda nayo ilikwama miaka, Bara ikihofia kuwa nyuma ya mfuko wa Mahonda itapita sukari ya nje. Kamati ya pamoja ya serikali mbili ya kuzungumzia mambo haya imekuwapo tangu 2006, na mengi yamefungwa kwa maandishi. Namwamini zaidi abiria aliyeshuka na friji.

Safari ya mapembe

Turudi kwa Ami na mchele wake. Unguja na Pemba hulima mpunga, kuna mabonde ya Cheju, Kibokwa na Bumbwisudi, lakini sehemu kubwa ya mchele wa kila siku, huu tunaouita mapembe, hutoka Asia. Julai 2023 Serikali ya India ilizuia kuuza nje mchele mweupe usiokuwa basmati, ili bei isipande kwa watu wake. India ndiyo muuzaji mkubwa kuliko wote duniani. Zuio lile liliondolewa Septemba 2024. Katikati ya miezi hiyo 14 hakuna waziri wa Zanzibar angeweza kuurudisha mchele kwenye bei ya mwaka uliotangulia, hata angesimama juu ya meza.

Ndani ya miezi hiyo hiyo yalikuja mengine mawili. Mashambulizi kwenye Bahari ya Shamu yalianza mwishoni mwa 2023, meli nyingi zikazunguka Rasi ya Tumaini Jema, nauli za makontena zikapanda. Na shilingi ikadhoofika: mwanzoni mwa 2023 dola moja ilikuwa karibu shilingi 2,330, katikati ya 2024 ikapita 2,600.

Hili la dola lina siri ambayo wengi hatuioni. Mzigo wa dola 10,000 ulikuwa shilingi milioni 23.3, ukawa zaidi ya milioni 26. Mwagizaji atatafuta hizo karibu milioni tatu za ziada kwanza. Lakini ushuru wa forodha hukokotolewa kwa asilimia ya thamani ya mzigo kwa shilingi, pamoja na bima na nauli ya meli. Thamani ikipanda, ushuru nao unapanda. Nauli ya meli ikipanda, ushuru unapanda. Juu ya jumla hiyo inakaa kodi ya ongezeko la thamani, kwa bidhaa zisizosamehewa, nayo inapanda. Waziri anasimama Chukwani anasema hajaongeza kodi hata senti, na anasema kweli. Mfanyabiashara anasema analipa kodi zaidi kuliko mwaka jana, naye anasema kweli. Nimewasikia watu wakiitana waongo kwenye redio kwa jambo ambalo wote walikuwa sawa.

Kuhusu mchele wenyewe, Afrika Mashariki imeuweka miongoni mwa bidhaa nyeti ili kuwalinda wakulima wa ndani: ushuru wa pamoja ni asilimia 75 ya thamani au dola 345 kwa tani, kinachozidi. Sera hiyo ina akili kwa mkulima wa Mbeya, au wa Mwea kule Kenya. Kwa kisiwa kinachokula mchele wa nje ni kifo, ndiyo maana Zanzibar kila mara imekuwa ikiomba nafuu. Lakini nafuu ni ya kuomba, na mlango wa kuiombea uko Arusha.

Kisha bandari. Malindi ni gati ndogo iliyobanwa na mji, na kwa miaka makontena yamekuwa yakikaa foleni baharini kabla hayajakaa foleni nchi kavu. Meli inayosubiri inalipiwa, kontena linalochelewa kurudishwa linalipiwa, storeji inalipiwa. Septemba 2023 Serikali iliikabidhi kazi ya kushusha mizigo kampuni ya Africa Global Logistics, kwa hoja ya kuongeza kasi. Mizigo kutoka haraka ni jambo jema. Swali la mnunuzi ni kama akiba ya zile siku inafika dukani au inaishia njiani, na hapo sheria ya kodi haina la kusema. Hapo unahitaji ushindani, na waagizaji wakubwa wa mchele, unga wa ngano na sukari Zanzibar unaweza kuwahesabu kwa vidole vya mkono. Gharama zikipanda, bei inapanda wiki ile ile. Gharama zikishuka, unaambiwa bado kuna mzigo wa zamani.

Lita moja, nauli moja

Bei za mafuta hutangazwa kila mwezi na ZURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji. Siku ya tangazo utawaona madereva wa gari za abiria Mwanakwerekwe wamekusanyika kwenye simu moja. Ndani ya bei ya lita moja kuna bei ya dunia, kuna bima na usafirishaji, kuna gharama za bandari na ghala, kuna faida ya muuzaji wa jumla na wa rejareja, na kuna ushuru na tozo. Nyingi ya tozo hizo ni kiasi maalumu kwa lita, hazifuati bei ya dunia. Tuseme lita ni shilingi 3,000: sehemu ya dunia 1,600, faida na gharama za ndani 400, ushuru na tozo 1,000. Bei ya dunia ikianguka kwa robo nzima, yaani 400, lita inashuka hadi 2,600. Ni kama asilimia 13 tu. Ndiyo maana unasikia redioni mafuta yameporomoka duniani, halafu pampu inakupa nafuu ya kinyonge, ukadhani umeibiwa.

Baada ya Urusi kuivamia Ukraine Februari 2022, serikali zote mbili zilitia ruzuku. Bara ilitenga shilingi bilioni 100 kwa mwezi wa Juni mwaka ule. Ruzuku hutoka katika kodi zile zile, lakini angalau mwananchi aliiona.

Sasa nauli. Nauli ya gari ya abiria hupangwa na Serikali, na kuipandisha ni uamuzi wa kisiasa kabla haujawa wa hesabu. Mwenye gari anataka hesabu yake kila jioni, haijali mafuta. Dereva anatoa mafuta, anatoa ya utingo, anatoa ya njiani, kinachobaki ndicho chake. Mafuta yakipanda na nauli ikabaki palepale, anayebeba mzigo ni dereva. Anafanya nini? Anakata njia. Gari ya Fuoni inaishia Mwanakwerekwe, utingo anapiga bati na kusema, "Mwisho hapa, wazee." Abiria anashuka, anapanda nyengine, analipa mara ya pili. Kwenye karatasi ya Serikali nauli haikupanda. Kwenye mkoba wa mama anayekwenda kuuza maandazi, imekuwa mara mbili. Mwanafunzi ndiye wa kwanza kuachwa kituoni, kwa sababu yeye analipa kidogo. Madereva wakigoma, mji unasimama, watu wanatembea kwa miguu mpaka Amani, na lawama zinagawanywa baina ya dereva na Serikali. Mwenye gari, aliyekaa kwake anasubiri hesabu, simsikii akitajwa.

Umeme nitaugusa tu. Unapita chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni, Bara, kuja Fumba, na tunaununua kutoka TANESCO, shirika la umeme la Bara, kupitia shirika letu. Waya wa kwanza ulilazwa 1980, na ulipoharibika Desemba 2009 Unguja ilikaa gizani miezi mitatu. Kwa miaka kadhaa Bara ilikuwa ikitutoza kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 juu ya umeme ule, deni likatuna, vitisho vya kukatiwa vikatoka. Mwaka 2019 kodi ile ikafutwa kwa sheria ya fedha. Kwa hiyo milango mingine hufunguka, hata kama ni baada ya kubisha mpaka mkono ukauma.

Pemba hulipa mara mbili

Kila nililolieleza kuhusu Unguja, Pemba inaliongezea mkondo mmoja wa bahari. Mfuko wa saruji ulioshuka Malindi unapakiwa tena, unalipiwa nauli tena, hamali wa Mkoani analipwa tena, halafu unapanda gari kwenda Wete au Konde. Wako wanaoleta moja kwa moja kutoka Tanga, na bei ya mbatata na tungule Pemba hufuata hali ya upepo na majahazi kuliko hotuba yoyote ya bajeti. Kwa sensa ya 2022 Pemba ina watu 543,441 kati ya 1,889,773 wa Zanzibar nzima. Mkoa wa Mjini Magharibi peke yake una 893,169. Meli kubwa na waagizaji hufuata walipo wanunuzi.

Lakini Mpemba ana kodi nyengine ambayo haiitwi kodi. Karafuu kavu kwa sheria huuzwa kwa mnunuzi mmoja, shirika la biashara la taifa, ZSTC. Tangu 2011 sera ni kumlipa mkulima asilimia 80 ya bei ya soko la dunia. Mnunuzi mmoja wa aina hiyo si jambo jipya: Waingereza walikipa Chama cha Wakulima wa Karafuu nguvu za kisheria katika miaka ya 1930, na kwa muda mrefu kabla na baada ya Mapinduzi mkulima alikuwa akipata sehemu ndogo sana ya alichouza. Asilimia 80 ni maendeleo makubwa, sikatai. Ile 20 iliyobaki inatakiwa ilipe ghala, usafirishaji, miche na uendeshaji. Mkulima wa Mtambwe, lakini, akiangalia ng'ambo na kusikia bei ya Mombasa, anaona amekatwa. Ndipo magendo yanapozaliwa, ndipo vikosi vinapopelekwa pwani, na karafuu inayopita usiku haimlipi mtu yeyote kodi. Na mkarafuu wenyewe hauzai vizuri kila mwaka. Mwaka wa karafuu watu hujenga, huoa, hulipa madeni ya miaka mitatu. Katikati, bei ya mchele inapanda na kipato hakipo kabisa, na hakuna hesabu ya wastani itakayomwonyesha huyo.

Nimetaja wastani, basi niseme hili la mfumuko wa bei, maana ndilo linalowatia watu hasira kuliko yote. Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali hutoa takwimu za Zanzibar kila mwezi, tofauti na za Bara. Ikisemwa mfumuko umeshuka kutoka asilimia 6 hadi 4, watu hudhani bei zimeshuka. Hazijashuka. Kikapu kilichokuwa 100,000 kimekuwa 106,000, na mwaka wa pili kimekuwa zaidi ya 110,000. Kinachopungua ni mwendo wa kupanda. Tena kikapu kile kina vitu vingi, simu, samani, mikahawa. Mtu ambaye robo tatu ya pesa yake inaishia jikoni anaishi kwenye mfumuko wake mwenyewe, na wiki ya kwanza ya Ramadhani, muhogo na majimbi yanapouzwa kama dhahabu Darajani, usimsomee takwimu.

Serikali nayo ina hoja yake, na si ya kudharau. Bajeti ya Zanzibar ilikuwa shilingi trilioni 2.84 mwaka 2023/24, ikaruka hadi trilioni 5.18 mwaka 2024/25. Skuli za ghorofa zimejengwa, hospitali za wilaya zimejengwa, masoko ya Jumbi na Mwanakwerekwe yamejengwa, madaraja ya juu yameinuliwa. Sehemu kubwa ni mikopo, na mikopo hulipwa kwa makusanyo. Hapo ndipo mkusanyaji anapobanwa naye akambana mwenye duka. Ninachokiona mimi kuwa kosa ni mahali anapobana. Mwekezaji wa hoteli ya ufukweni hupewa misamaha ya miaka kadhaa kwa vifaa na mapato yake, na sababu zake zimeandikwa vizuri. Mwenye genge la Kiembesamaki hana aliyemwandikia sababu. Kama misamaha ile ingechapishwa kila mwaka, jina kwa jina na kiasi kwa kiasi, kama tozo ile ilivyokuwa ikija kwenye meseji, baraza letu lingekuwa na jambo la maana la kuzungumza.

Wazee wetu hawakuwa na tabu hii ya milango. Agosti 1948 wapagazi wa bandarini Unguja waligoma kwa sababu ya maisha kupanda, mgomo ukaenea mji mzima hadi Septemba. Walijua wanamgomea nani, wakapata nyongeza. Miaka ya foleni, chini ya Mzee Karume na baada yake, kila kitu kilikuwa kikiagizwa na shirika la Serikali, BIZANJE, na aliyekosa mchele alijua pia ni nani aliyemnyima, hata kama hakuweza kusema. Sisi tunaweza kusema, tunasema mchana kutwa, ila lawama imegawanywa vipande vidogo mpaka hakuna anayeumia.

Mlango ulio karibu zaidi na sisi ni ule wa Chukwani, Mei na Juni, kabla mwaka wa fedha haujaanza tarehe 1 Julai. Mswada wa fedha hupelekwa kwenye kamati, na wadau huitwa kutoa maoni. Wanaokwenda ni wahasibu wa mahoteli na wawakilishi wa waagizaji. Madereva hawaendi, kwa sababu siku ya kwenda ni siku ya hesabu. Mchuuzi wa Jumbi haendi kwa sababu hakuna aliyemwambia. Mwakilishi wa jimbo angeweza kuwabeba, na wako wanaofanya hivyo, lakini wengi huonekana mtaani Julai, sheria ikishasainiwa.

Nilimweleza Ami haya yote juzi, kwa kifupi, vikombe vitatu. Akanisikiliza vizuri, akahesabu kwa vidole: Dodoma, Chukwani, Arusha, Malindi, India, dola. Vidole vya mkono mmoja havikutosha. Akanyamaza kidogo, akauchukua mfuko wake wa mchele, akausimamisha mapajani.

"Sawa, mwanangu," akasema. "Lakini huu nimekopa. Mwisho wa mwezi nitalipa kwa Juma wa dukani peke yake."